Mill ni wa Nani?

Semesta iliyopita bumu lilichelewa. Chumbani kwetu hosteli tuko wanne, na njaa ikishaingia, mjadala hauishi. Mwenzetu mmoja anayesoma uchumi akasema hapendi kabisa serikali kujiingiza kwenye maisha ya watu: kodi hizi, vibali vile, sheria za nini useme na nini usiseme. Kwa maoni yake serikali ilinde mipaka, ikamate wezi, isimamie mikataba, basi. Nikamuuliza, na bumu je? Akacheka. Akasema bumu ni mkopo tu, na mkopo hata mtu binafsi anaweza kutoa. Nikamwambia anitajie huyo mtu binafsi atakayemkopesha mtoto wa mama muuza maandazi, asiye na kiwanja wala gari la kuweka dhamana. Hapo tukaanza kubishana kweli, na kila mmoja alidai yeye ndiye mtetezi wa uhuru.

Kilichonishangaza ni kwamba wote wawili tulimwita shahidi yuleyule: John Stuart Mill. Yeye alimsoma kwenye historia ya fikra za uchumi, mimi kwenye falsafa ya elimu. Haiwezekani shahidi mmoja ashuhudie pande zote mbili, nikasema. Nikaenda maktaba kumtafuta huyu mzee.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majina, maana hata mimi nilikuwa nayachanganya. Kuna waliberali na kuna walibertari, na hawa ni watoto wa ukoo mmoja. Wote wanaanza na mtu binafsi: dhamiri yake, kauli yake, mali yake, haki yake ya kuishi anavyotaka. Wote wanataka dola iwekewe mipaka. Wanaachana pale unapowauliza ni kitu gani hasa kinachomnyima mtu uhuru. Mlibertari anajibu kwamba ni nguvu, yaani mtu au dola inayokulazimisha. Kama hakuna anayekulazimisha uko huru, hata kama mfukoni huna kitu. Na kodi ya kumsomesha mtoto wa jirani, kwake ni mali yako kuchukuliwa kwa nguvu. Mliberali, hasa kwa maana inayotumika Marekani leo, anakubali kwamba nguvu inafunga, lakini anaongeza kwamba ufukara, maradhi na ujinga navyo vinafunga, kwa hiyo dola ina wajibu wa kufungua. Ugomvi huu ulipata vitabu vyake vikubwa miaka ya 1970, kwa watu wawili waliofundisha falsafa chuo kimoja, Harvard: John Rawls upande wa uliberali mwaka 1971, na Robert Nozick upande wa ulibertari mwaka 1974. Lakini Mill alikuwa amekufa miaka 100 kabla yao, na njia panda ile aliisimamia peke yake.

Alizaliwa London tarehe 20 Mei 1806, mtoto wa kwanza kati ya tisa. Baba yake, James Mill, alikuwa mtoto wa fundi viatu huko Scotland, mtu aliyeinuliwa na elimu na aliyeamini kwamba elimu inaweza kumfanya mtu yeyote kuwa chochote. Mwanawe hakumpeleka shule. Alimfundisha mwenyewe, mezani pake, huku akiandika kitabu chake kikubwa cha historia ya India. Kigiriki mtoto alikianza akiwa na miaka 3, Kilatini miaka 8. Kamusi ya kumsaidia na Kigiriki hakuwa nayo, kwa hiyo kila neno lililomshinda alimuuliza baba, na baba akaacha kuandika akamjibu. Asubuhi walitembea pamoja, mtoto akisimulia alichosoma jana yake. Alipofika miaka 8 akaanza kuwafundisha wadogo zake, na wakikosea ni yeye aliyewajibishwa. Wenzangu wa ualimu mtanielewa: huyu alikwenda mazoezi ya kufundisha akiwa na miaka 8. Marafiki wa rika lake hakuwa nao. Baba aliogopa wangemharibu.

Akiwa na miaka 17 aliingia kazini katika Kampuni ya India ya Mashariki, ofisi ileile ya baba yake, na akakaa humo miaka 35. Nitarudi kwenye kazi hiyo, maana ina doa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1826, akavunjika. Alikuwa na miaka 20, umri ambao wengi wetu tunauvuka tukiwa hapa chuoni. Alijiuliza hivi: mageuzi yote ninayoyapigania yakitimia leo, nitafurahi? Moyo ukamjibu hapana. Miezi ikapita anafanya kazi kama mashine, bila ladha ya kitu chochote, na mtu wa mwisho ambaye angeweza kumwambia ni baba yake. Alianza kupona siku moja aliposoma kumbukumbu za mwandishi mmoja Mfaransa, mahali anaposimulia kifo cha baba yake, akajikuta analia. Baadaye mashairi ya Wordsworth yakamsaidia. Alijua sasa kwamba mtu hachongwi kama kinyago. Anakua kama mti, na mti unahitaji nafasi.

Nadhani hapa ndipo penye mzizi wa yote. Mill alipoandika juu ya uhuru hakuwa anazungumzia kodi na leseni tu. Alikuwa mtoto aliyepangiwa kila saa ya maisha yake na mtu aliyempenda na kumtakia mema. Alijua kwamba hata wema unaweza kumbana mtu.

Mwaka 1830 alikutana na Harriet Taylor, mke wa mtu, mama wa watoto. Urafiki wao ulizua maneno mjini kwa miaka 20. Mume alifariki mwaka 1849, na mwaka 1851 wakaoana. Kabla ya ndoa Mill aliandika tamko la kukataa mamlaka yote ambayo sheria ya Uingereza ilimpa mume juu ya mwili, mali na uhuru wa mkewe. Kisheria karatasi ile haikuwa na nguvu, lakini aliiandika. Walifikiri pamoja na kuandika pamoja. Harriet alifariki Avignon, Ufaransa, Novemba 1858. Mill alinunua nyumba karibu na makaburi, na miezi michache baadaye, mwaka 1859, akachapisha kitabu chao kuhusu uhuru bila kubadilisha kitu, akakitoa kwa kumbukumbu yake.

Hoja ya kitabu hicho ndiyo aliyoishika mwenzangu wa uchumi. Jamii ina haki ya kumlazimisha mtu kwa sababu moja tu, kuzuia asiwadhuru wengine. Kumlazimisha kwa faida yake mwenyewe haitoshi. Unaweza kumshauri, kumbembeleza, kumwonya, lakini si kumtia nguvuni. Na Mill hakuiogopa dola peke yake. Aliogopa pia macho ya majirani na desturi inayotaka wote wafanane. Mpaka hapo, mlibertari anapiga makofi.

Lakini endelea kusoma, kama nilivyoendelea mimi. Mill anauliza kama mtu huru anaweza kujiuza utumwani kwa hiari yake. Anajibu hapana, kwa kuwa uhuru haumpi mtu ruhusa ya kuutupa uhuru wenyewe. Nozick, zaidi ya miaka 100 baadaye, aliona kwamba katika mfumo huru kweli mkataba wa namna hiyo ungeruhusiwa. Kwa mfano huo mmoja unaiona tofauti yote. Kwa mlibertari wa aina ya Nozick, uhuru ni mali yako, na mali yako unaweza kuiuza. Kwa Mill, uhuru ni hali ya mtu kukua, na kinachoua ukuaji huo hakiwezi kuitwa uhuru.

Kisha kuna uchumi. Kitabu chake cha mwaka 1848 kinasema serikali kuwaacha watu wafanye shughuli zao ndiyo iwe kanuni, na anayetaka kuivunja ndiye mwenye kazi ya kutoa sababu. Halafu yeye mwenyewe anatoa sababu, moja baada ya nyingine: elimu, watoto viwandani, msaada kwa maskini. Alitaka kuwe na kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kurithi. Alitarajia siku ambapo wafanyakazi wangemiliki viwanda kwa ushirika na kuchagua mameneja wao. Ndiyo maana Friedrich Hayek, ambaye walibertari wengi wanamheshimu, alimlaumu Mill kwa kuwafungulia wasomi mlango wa ujamaa, ingawa ni Hayek huyohuyo aliyekusanya barua za Mill na Harriet na kuzichapisha mwaka 1951.

Sasa kwenye elimu, mahali palipoanzia ugomvi wetu. Mill alisema kumleta mtoto duniani bila kumpa elimu ni kumdhuru mtoto na kuidhuru jamii. Kwa hiyo dola imlazimishe mzazi. Mzazi akishindwa ada, dola imsaidie, na mtoto asiye na wa kumlipia alipiwe yote. Watoto wote wafanye mtihani wa taifa kuanzia umri mdogo, na mtoto asiyejua kusoma, baba yake atozwe faini. Nilipofika hapo nikafunga kitabu nikafurahi, nikajiona nimeshinda.

Nikakifungua tena, nikakuta sijashinda. Mill anaendelea kwamba dola ikishalazimisha na kulipa, isishike shule zote mkononi. Ikizishika itawafinyanga watu wawe wa aina moja, ya kuwapendeza walio madarakani. Shule za serikali ziwepo, lakini ziwe moja ya njia nyingi zinazoshindana. Na kwenye mambo yanayobishaniwa, kama dini na siasa, mtihani usipime mtoto anaamini nini. Upime tu kama anajua fulani anaamini hivi, na kwa sababu zipi. Mimi nategemea kuwa mwalimu, na yumkini mwajiri wangu atakuwa serikali. Mstari ule ulinikaa kooni.

Mwaka 1865 wapiga kura wa Westminster walimpeleka bungeni, ingawa alikataa kutumia fedha zake kufanya kampeni. Kwenye mkutano mmoja wa wafanyakazi aliulizwa kama kweli aliwahi kuandika kwamba tabaka lao kwa kawaida ni waongo. Akajibu kwamba aliandika. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, kwa kuwa walikuwa wamechoka na wanasiasa wa kuwapaka mafuta. Tarehe 20 Mei 1867, siku aliyotimiza miaka 61, alipendekeza sheria ya uchaguzi ibadilishe neno moja, badala ya mwanamume iandikwe mtu, ili wanawake nao wapige kura. Alishindwa, lakini wabunge 73 walimuunga mkono. Mwaka 1868 alipoteza kiti, akarudi Avignon. Alifariki huko Mei 1873, akazikwa kando ya Harriet.

Doa niliahidi kulitaja. Mtu huyu aliyeandika vizuri hivyo juu ya uhuru alisema pia kwamba kanuni yake haiwahusu watu ambao, kwa maneno ya wakoloni, walikuwa hawajastaarabika. Hao watawaliwe kwa mkono wa nguvu, mradi iwe kwa faida yao. Alisaidia kuitawala India kwa barua kutoka London miaka 35 na hakuwahi kuikanyaga. Yaani kijana aliyeteswa na wema wa baba aliona sawa taifa zima lilelewe na baba wa aina hiyohiyo. Hakuna mlibertari wala mliberali wa leo anayeweza kumtetea hapo.

Lakini mawazo hayamtii mwandishi wake. Miaka ya 1940, mwanafunzi mmoja wa Makerere aliyekuwa akisomea ualimu alichukua hoja za Mill kuhusu kutawaliwa kwa wanawake, akaandika insha kuzitumia kwa wanawake wa jamii za Kiafrika. Mwanafunzi huyo alikuwa Julius Nyerere. Mill alidhani uhuru wetu ungoje, mwanafunzi wetu hakungoja.

Basi Mill ni wa nani? Nikilazimishwa kujibu, nasema ni mliberali, kwa kuwa alikubali kwamba kumwacha mtoto gizani ni kumfunga, na kwamba dola inaweza kutoza watu ili kumfungua. Lakini ni mliberali aliyeweka sikio wazi kwa mashaka ya mlibertari, kwamba anayekulipia ada anaweza siku moja akataka kukuchagulia mawazo. Bumu lilipotoka nilimwambia mwenzangu hivyo tukiwa kwenye foleni ya chakula. Akasema nimekubali nusu. Nikamwambia na yeye amekubali nusu, maana naye alikuwa anakula kwa bumu.

Wenzangu, mkopo tuutetee, kwa kuwa bila huo wengi wetu tusingekuwa hapa. Lakini kupokea bumu kusitufanye tunyamaze.