William Jones wa Rabai: Aliyewahi kuwa mtumwa, akawapa watoro makao

RABAI inapotajwa, wengi huwakumbuka Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, wamishenari Wajerumani waliofungua kituo chao hapo katika miaka ya 1840. Ni wachache wanaomkumbuka William Henry Jones, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye kwa miaka mingi aliwaruhusu watoro kujenga na kulima kandokando ya kanisa, ilhali wakubwa wake walikuwa wamekataza jambo hilo.

Jones alizaliwa yapata mwaka 1840. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa na kupelekwa India. Huko alilelewa katika kijiji cha Kikristo cha Sharanpur, karibu na Nasik, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Mwaka 1864 yeye na mwenzake, Ishmael Semler, walitumwa Rabai kumsaidia Rebmann, ambaye wakati huo alikuwa mpweke na macho yake yakizidi kufifia.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Miaka miwili baadaye, shirika la kimishenari la CMS lilianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwa makao ya waliokombolewa. Hata hivyo, mkataba huo haukuwagusa watumwa waliokuwa tayari mashambani. Hao waliendelea kuwa mali ya mabwana zao, na aliyetaka uhuru hakuwa na budi kutoroka.

Wengi walikimbilia Rabai. Mabalozi wa Uingereza, kwa kuchelea ghasia, waliwataka wamishenari wasiwapokee watoro, na CMS ikatoa amri hiyo. Jones hakuona namna ya kumrudisha kwenye pingu mtu aliyebisha hodi kanisani. Watoro wakapewa mahali pa kujenga, wakalima, wakaoa na wakasali.

Si Rabai pekee ambako misheni ilikuwa kimbilio la wanaosakwa. Katika karne ya 17, chini ya utawala wa Wahispania kule Paraguay, mapadre Wajesuiti waliwakusanya Waguarani katika vijiji vya misheni, wakiwakinga dhidi ya wawindaji wa watumwa kutoka São Paulo na dhidi ya kazi za shuruti katika mashamba ya walowezi. Kule kama huku, aliyekimbilia misheni alipata usalama, lakini pia alipata mkubwa mpya wa kumpangia saa za kulima na za kusali. Frere Town yenyewe iliingia katika kashfa mwaka 1881, ilipobainika kuwa watu waliokombolewa walikuwa wakichapwa viboko na msimamizi wao Mzungu.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimtawaza Jones kuwa shemasi, kisha akafuatana naye katika safari ya kwenda Uganda. Walipofika kwa Mumia, askofu alitangulia na wapagazi 50, akamwachia Jones msafara uliosalia. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo. Jones alingoja kwa wiki kadhaa, kisha akawaongoza waliobaki kurejea pwani. Waliingia Rabai Februari 1886, wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, neno la Kibiblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1888. Wenye mashamba walitishia kuzivamia misheni na kuwatwaa watu wao kwa nguvu. Uchunguzi ulipofanywa, watoro wapatao 1,400 walikutwa katika vituo vya misheni, wengi wao wakiwa Rabai. George Mackenzie, wakala wa kampuni ya Uingereza ya IBEA, aliamua kuwalipa mabwana hao reale 25 kwa kila mtoro. Siku ya mwaka mpya wa 1889, watoro hao walikabidhiwa hati za uhuru.

Mackenzie alisifiwa hadi Uingereza. Lakini ikumbukwe kwamba fedha zile zilikwenda kwa waliomiliki watu. Waliofanya kazi bila ujira hawakulipwa hata pesa moja. Tena, kama Jones angetii amri, wengi wao wangekuwa wamesharudishwa mashambani kabla ya kampuni hiyo kutia mguu Mombasa.

Naye Jones hakupata heshima aliyostahili. Wamishenari vijana kutoka Uingereza waliwekwa juu ya makasisi Waafrika waliowazidi kwa umri na kwa uzoefu, na kulipwa zaidi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Jones alijiuzulu kwa kupinga ubaguzi huo. Alifariki dunia mwanzoni mwa karne ya 20. Utumwa katika pwani ya Kenya ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907.

Leo Rabai kuna makumbusho yenye jina la Krapf, na mtaa wa Kengeleni mjini Mombasa ungali unaitwa kwa kengele ya Frere Town. Jina la Jones halijapata nafasi kama hiyo, ingawa watoro aliowahifadhi waliacha kizazi kinachoishi pwani hadi leo. Hao wana haki ya kufundishwa shuleni kwamba uhuru wa wazee wao haukuanza kwa reale za kampuni, bali kwa miguu yao wenyewe na kwa mtu aliyekubali kuwafungulia mlango.