Baker: Bwana Miti aliyeona mtaji katika mti mkubwa

UKIMUULIZA mkazi wa Dodoma kuhusu miti, mara nyingi atakutajia idadi ya miche iliyopandwa mwaka huu. Ni wachache watakaokuambia ni mingapi imefikia umri wa kutoa kivuli, na wachache zaidi watajua nani anaipogoa. Pengo hilo kati ya kupanda na kutunza lilimshughulisha kwa miaka mingi Richard St. Barbe Baker, mtaalamu wa misitu Mwingereza aliyeanza kazi hiyo Afrika Mashariki.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889 katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu, hivyo mtoto alikua akishika miche na udongo. Akiwa kijana alikwenda kusoma Saskatoon, Kanada, katika nyanda kavu zenye upepo mkali. Huko aliona wakulima wakiondoa miti ili walime ngano, kisha upepo ukaanza kuchukua udongo wao.

Baada ya kupigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alisomea misitu Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1920 akaajiriwa na serikali ya kikoloni nchini Kenya, katika kazi ambayo hapa kwetu mwenye nayo huitwa Bwana Miti.

Ngoma ya miti

Katika nchi ya Wakikuyu alikuta vilima vilivyokatwa miti. Alipowaomba vijana wapande, walimjibu kuwa hiyo ni kazi ya Mungu, si ya binadamu. Baker hakubishana nao kuhusu Mungu. Aliwaonyesha kuwa miti mikubwa iliyokuwa ikitoa mbegu ilikuwa imekwisha kukatwa, hivyo hapakuwa na cha kuotesha msitu mwingine.

Hoja hiyo ni ya kiuchumi. Mche ni matumaini tu. Mti mkubwa ndio mtaji, na mbegu, kivuli na matunda yake ndiyo faida. Anayekata mtaji hawezi kudai faida mwaka unaofuata.

Kwa kuwa Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna mazao, Baker alipendekeza iwepo na ya miti. Julai 22, 1922, kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, morani wapatao 3,000 walikusanyika Muguga, karibu na Nairobi. Waliojiunga na chama kipya cha Watu wa Miti waliahidi mambo matatu: kulinda msitu wa asili, kupanda miti 10 kila mwaka, na kutunza miti popote ilipo.

Ahadi ya tatu ndiyo isiyo na sherehe, na ndiyo inayosahaulika haraka. Baker hakuisahau. Mwaka 1924 alianzisha chama hicho Uingereza, baadaye akafanya kampeni ya kuokoa miti mikongwe ya California, Marekani, na mwaka 1952 akaongoza msafara wa kuchunguza Sahara. Chama chake kipo hadi leo, kikiitwa International Tree Foundation.

Hesabu ya Dodoma

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mti uliovuka ukame mara nyingi hapa ni mali iliyogharimu maji mengi ya ndoo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, mwaka uleule uliofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi mjini hapa. Miarobaini na mijohoro iliyopandwa majumbani miaka hiyo sasa ni mizee.

Mali hiyo huharibiwa na panga la siku moja. Kukata kichwa chote cha mti huchochea machipukizi mengi yaliyoshika juujuu, ambayo baada ya miaka michache ndiyo yanayoangukia bati. Mpogoaji mwenye ujuzi hukata tawi kubwa kwa hatua tatu. Kwanza hukata kidogo kwa chini, mbali kidogo na shina. Pili hukata kwa juu, mbele ya alama hiyo, ili tawi lianguke bila kuchuna gome. Mwisho huondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe unaounganisha tawi na shina. Uvimbe huo ukikatwa, mti hushindwa kufunika kidonda na uozo huingia ndani.

Pia sakafu ya saruji isifike shinani, kwa sababu mizizi huhitaji hewa na maji. Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme ni ya kuwaitia TANESCO, si ya kupandiwa ngazi.

Malipo ya mpogoaji huonekana makubwa siku anapolipwa. Yalinganishwe na bei ya bati, ya ukuta, na ya miaka 20 ya kusubiri kivuli kingine.

Mashambani hesabu hiyo imeanza kueleweka. Kampeni ya Kisiki Hai mkoani Dodoma huwafundisha wakulima kuchagua machipukizi machache kwenye visiki, kupogoa mengine na kulinda yaliyobaki. Hapo hakuna mche unaonunuliwa. Kinachotumika ni mizizi iliyokwisha kukomaa.

Baker alifariki Juni 9, 1982 akiwa na miaka 92. Alikuwa Saskatoon, mji aliosoma ujanani, ambako siku chache kabla alikuwa amepanda mti wake wa mwisho. Kuutunza ilibaki kazi ya wengine, kama ilivyo leo kwa kila aliyerithi kiwanja chenye mwarobaini uliopandwa na mzazi wake.