Jethro Tull na Jembe la Farasi

Katika nchi ya Uingereza, mwaka 1674, alizaliwa mtoto katika kijiji cha Basildon, jimbo la Berkshire, naye akaitwa Jethro Tull. Wazazi wake walikuwa na mali, wakampeleka Oxford, kisha akasoma sheria London. Alihitimu mwaka 1699, lakini afya yake ilikuwa dhaifu. Basi akaoa mke, akaenda kulima katika shamba la baba yake huko Howberry.

Siku zile wakulima walimwaga mbegu ovyo kwa mkono. Tull alitaka kupanda sainfoini, mmea wa malisho ambao mbegu zake zilikuwa ghali. Akawaagiza vibarua wachimbe mifereji midogo, watie mbegu chache, na kuzifukia. Vibarua wakakataa, wala sishangai, maana kuinama kutwa ni kazi nzito. Ndipo Tull alipokumbuka kinanda cha kanisa, ambacho zamani alikifungua apate kuona vyombo vya ndani. Kwa mfano wa vyombo hivyo akaunda, mwaka 1701, mashine iliyopanda mistari mitatu pamoja, ikidondosha mbegu kwa kipimo.

Mwaka 1709 alihamia shamba liitwalo Prosperous, karibu na Hungerford. Kisha akasafiri Ufaransa na Italia kutafuta afya. Huko Ufaransa aliona mashamba ya mizabibu ambayo wenyewe hawakutia samadi, bali walilima mara kwa mara kati ya mistari, na mizabibu ikastawi. Jambo hilo likamkaa moyoni. Aliporudi alifanya jembe la kukokotwa na farasi, akapalilia ngano yake kwa jembe hilo. Alisadiki kwamba mizizi hula chembe ndogo sana za udongo. Basi, udongo ukisagwa sana, samadi haina haja, tena samadi huleta mbegu za magugu. Alivuna ngano katika shamba lile lile miaka 13 mfululizo bila kutia samadi. Mwaka 1733 kitabu chake kikatoka, nao watu wengi wakampinga vikali.

Je, alisema kweli? Magugu yalikufa, hilo ni kweli. Hewa na maji viliingia, mizizi ikashuka chini, na mabaki ya mimea ya zamani yakaoza upesi na kutoa chakula. Lakini chakula hicho kilikuwa akiba iliyokuwamo tangu zamani. Jembe hufungua ghala. Halitii kitu ndani yake.

Mwaka ule ule wa 1674 alizaliwa Charles Townshend, ambaye alikuwa waziri wa mfalme. Alipoacha uwaziri mwaka 1730 alirudi Raynham, jimbo la Norfolk, akashughulika na kilimo. Hakuwa wa kwanza kupanda klova, lakini alisifika kwa kuieneza. Katika jimbo hilo wakulima walipanda ngano, tanipu, shayiri, kisha klova, kwa zamu. Klova hufunika ardhi, mvua isiipige, na mizizi yake hushika udongo. Faida iliyo kubwa haikujulikana mpaka mwaka 1886, Hermann Hellriegel wa Ujerumani alipoonyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi. Mpanda klova hujaza ghala. Hata hivyo klova haiwezi kupalilia ngano iliyokwisha kuota, na hapo jembe la Tull halikuwa na mpinzani. Kama ningelazimika kuchagua moja tu kwa shamba lililochoka, ningechagua klova.

Nayo sainfoini, iliyomfanya Tull aunde mashine yake, ni ya jamii ya kunde. Vinundu vile vilikuwa chini ya miguu yake, asijue kazi yake.

Townshend alifariki mwaka 1738. Tull aliendelea kuugua na kugombana na vibarua wake hata mwaka 1741, akafa huko Prosperous, akazikwa Basildon alikozaliwa.