Bibi Marjory Warren, Mganga wa Wazee

Safari hii twataka kuwasimulia habari za mwanamke wa Uingereza aliyeshika kazi iliyokimbiwa na wenzake. Marjory Warren alizaliwa mjini London mwaka 1897. Akajifunza uganga, akapata cheti mwaka 1923, na mwaka 1926 akaingia kazini katika hospitali ya Isleworth, upande wa magharibi wa mji ule. Nia yake ilikuwa kupasua wagonjwa; habari za wazee hakuziwaza.

Lakini mwaka 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, naye akatwikwa mzigo huo. Humo alikuta wagonjwa 714, wengi wao wazee. Walikuwa wamelala miezi na miaka, wengine kwa kupooza upande mmoja, wengine kwa kuvunjika mifupa, na wengine kwa ugonjwa usiojulikana, maana hapakuwa na mtu aliyewapima vema. Mwenye akili timamu alilazwa kando ya aliyepotewa na akili. Tena kule kulala kwenyewe kuliwazidishia ugonjwa: viungo vilikakamaa, migongo ikatoka vidonda, na hamu ya kuishi ikazimika.

Waganga wa siku zile hawakuitaka kazi hii, kwa kuwa haikuwa na sifa wala cheo. Tusiwahukumu upesi. Sisi nasi tumeingia nyumba nyingi, tukamkuta babu amelala pembeni penye moshi, tukaambiwa ya kwamba ni uzee tu, tukasadiki.

Bibi Warren hakusadiki. Alimpima kila mmoja, akatafuta chanzo cha udhaifu wake, akawagawanya wagonjwa kwa kadiri ya hali zao: wa kutibiwa na kuinuliwa, wa kuuguzwa siku zote, na waliopotewa na akili. Aliyepooza alifundishwa kuketi ukingoni mwa kitanda, kisha kusimama, kisha kwenda kwa mkongojo, na kuvaa nguo zake mwenyewe. Kuta za giza zilipakwa rangi nyeupe-nyeupe, na taa zikaongezwa. Ilikuwa kazi ya polepole, nayo ilihitaji wauguzi wenye subira kuliko dawa za thamani. Wengi wakarudi kwao au wakahamia nyumba za wazee, hata vitanda vilivyohitajiwa vikapungua kufika kama 240.

Mwaka 1943 na 1946 aliandika katika majarida ya waganga, akitaka hospitali kubwa ziwe na sehemu ya wazee, na wanafunzi wa uganga wafundishwe humo. Elimu hiyo ilikuwa na jina tangu mwaka 1909, maana Ignatz Nascher wa New York aliiita jeriatriki. Lakini jina tupu halimwinui mtu kitandani. Mwaka 1947 Bibi Warren alikuwa mmoja wa waganga wachache walioanzisha chama cha kuangalia matibabu ya wazee. Na serikali ya Uingereza ilipoanzisha matibabu ya watu wote mwaka 1948, uganga wa wazee ulianza kuhesabiwa kuwa kazi ya mabingwa, ambayo kijana aweza kuichagua bila haya.

Naye hakuacha kuifundisha, kwao na katika nchi nyingine. Septemba 1960 alikuwa njiani kwenda Ujeremani, penye mkutano wa kazi yake, akapatwa na ajali ya motokaa, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 62.