Jamsetji Tata na Rupia za Kiwanda cha Nagpur

Tarehe 1 Januari 1877, siku ile ile Malkia Victoria wa Uingereza alipotangazwa rasmi kuwa Kaisari wa Bara Hindi, katika mji wa Nagpur, katikati ya nchi hiyo, kilifunguliwa kiwanda cha kusokota uzi na kufuma nguo za pamba. Kwa heshima ya cheo hicho kipya cha Malkia kikaitwa Empress. Mwenyewe aliyekianzisha alikuwa Mparsi mwenye umri wa miaka 37, Jamsetji Nusserwanji Tata. Jina lake wasomaji wetu wengi wamezoea kuliona katika malori na mabasi, lakini wachache watakuwa wamesikia jinsi fedha za kiwanda hicho zilivyopatikana.

Jamsetji alizaliwa Navsari, katika Gujarat, tarehe 3 Machi 1839, katika ukoo wa makasisi wa dini ya Zoroasta. Baba yake, Nusserwanji, aliacha kazi ya ukasisi akaenda Bombay kufanya biashara. Mwanawe akasoma Chuo cha Elphinstone, akamaliza mwaka 1858, na mwaka uliofuata akatumwa Hong Kong kuendesha tawi la biashara ya baba yake.

Ilikuwa nyakati za neema ya ghafla. Vita vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, bandari za majimbo ya kusini zilizingirwa, na viwanda vya Lancashire vikakosa pamba. Bei ya pamba ya Bara Hindi ikapanda mno. Hata pwani yetu iliyaonja mabadiliko hayo, kwani ile nguo nyeupe tuliyoiita merikani ilipungua madukani, na miaka ya baadaye nguo za viwanda vya Bombay zikachukua sehemu kubwa ya soko lake. Mjini Bombay watu walilewa utajiri. Kila mtu alinunua hisa, na benki zilizaliwa kama uyoga wakati wa mvua.

Jamsetji alipelekwa London kusaidia kufungua benki ya Kihindi huko. Mwaka 1865 vita vikaisha, bei ya pamba ikaanguka, na hati alizokuwa nazo mkononi zikawa karatasi tupu. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, maisha yake ya kibiashara yalipoanza kwa hakika. Kijana huyo wa miaka 26, ugenini, hakukimbia wala hakuficha kitu. Alikwenda kwa wadai na wenye benki akawaeleza hali yote ilivyo. Nao wakaona hakuna wa kufaa zaidi kusimamia ufilisi huo kuliko yeye mwenyewe, wakampa kazi hiyo kwa mshahara wa pauni 20 kwa mwezi. Nyumbani, baba yake aliuza nyumba ili kulipa madeni.

Familia iliinuka tena kwa njia ya vita vingine, vya Uhabeshi. Jeshi la Jenerali Napier lilipopelekwa kupigana na Mfalme Tewodros, Nusserwanji na wenzake walipata mkataba wa kulilisha jeshi hilo. Vita vikamalizika upesi mwaka 1868, na faida ikawa kubwa. Mwaka huo huo Jamsetji akaanzisha biashara yake mwenyewe kwa rupia 21,000. Mwaka uliofuata alinunua kinu cha mafuta kilichofilisika huko Chinchpokli, akakigeuza kuwa kiwanda cha pamba kilichoitwa Alexandra, na baada ya miaka miwili akakiuza kwa faida. Kisha akasafiri kwenda Lancashire kujifunza kazi hiyo kwa wale walioijua.

Lakini kiwanda alichokitaka kilihitaji rupia 1,500,000, fedha ambazo hakuwa nazo. Mwaka 1874 akaunda kampuni ya hisa, na akawaomba watu wa Bombay fedha zao miaka tisa tu baada ya mji huo kuungua kwa hisa. Tena hakuwaomba wajenge Bombay, walikozoea kuona mioshi ya viwanda, bali Nagpur, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa gari la moshi. Sababu zake zilikuwa wazi: pamba ililimwa huko huko, reli ilikwisha fika mwaka 1867, makaa ya mawe ya Warora hayakuwa mbali, na ardhi ilikuwa rahisi. Ardhi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa kinamasi, ikabidi ijazwe udongo.

Yasimuliwa kwamba tajiri mmoja wa Kimarwari, mkopeshaji mkubwa wa mji huo, alikataa kutoa hata rupia moja, kwa kuwa alimwona mtu anayefukia dhahabu yake ardhini. Miaka ilipopita alikiri kwamba aliyoyafukia Tata yalikuwa udongo, na alichovuna ni dhahabu. Tusimcheke tajiri huyo. Aliyaona matope kwa macho yake, ila kitabu cha hesabu za London cha mwaka 1865 hakukiona.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Mitambo ya kwanza ilinunuliwa kwa bei nafuu, na uzi wake ukawa hafifu, hata ikabidi itafutwe mingine bora. Bezonji Dadabhai Mehta, aliyetolewa katika kazi ya reli, alifanywa meneja ingawa hakuujua ufumaji, naye akaijifunza kazi akaimudu. Mwaka 1886 ulianzishwa mfuko wa pensheni kwa wafanyakazi, jambo geni katika viwanda vya wakati ule.

Mwaka huo huo Jamsetji alinunua kwa rupia 1,250,000 kiwanda kibovu cha Dharamsi huko Kurla, akakiita Svadeshi, yaani cha nchi yetu. Mawakala wa viwanda vya Bombay walizoea kuchukua robo ya ana kwa kila ratili ya uzi, kiwanda kipate faida au hasara. Yeye akakubali asilimia 10 ya faida tu, na pasipokuwa na faida asipate kitu. Wenye hisa wakaingia. Lakini mitambo ilikuwa mibovu kuliko alivyodhani, uvumi ukaenea, hisa zikaporomoka, na benki aliyoiomba mkopo ikamkatalia. Alikuwa amewawekea jamaa zake mali ya amana. Akaitengua amana hiyo, akauza na sehemu ya hisa zake za Empress, hisa zile zile zilizomletea heshima, fedha zote akazitia Svadeshi. Kiwanda kikasimama.

Alifariki Bad Nauheim, Ujerumani, tarehe 19 Mei 1904, kabla ya kuona kiwanda cha chuma alichokiota. Wanawe walikwenda London kutafuta mtaji wasifanikiwe. Mwezi Agosti 1907 wakaifungua orodha ya hisa mjini Bombay, na tangu alfajiri ofisi ikazingirwa na watu, matajiri kwa maskini, wanaume kwa wanawake. Katika majuma matatu, watu kama 8,000 walikuwa wametoa pauni 1,630,000.