Fangio: Mwenye matege aliyebeba ndoo tano za dunia

UKIENDESHA gari kilomita 400 hivi kusini mwa Buenos Aires, Argentina, unaingia Balcarce, mji mdogo wenye makumbusho ya magari ya Juan Manuel Fangio. Jamaa alizaliwa hapo 1911. Alikipiga soka, na matege yake yakampa jina la utani, El Chueco. Akawa fundi gereji.

Mwaka 1940 alishinda mbio za barabarani za Buenos Aires hadi Lima na kurudi. Mwaka 1948, nchini Peru, gari lake liliacha njia, msaidizi wake Daniel Urrutia akafariki. Nusura aachane na mbio. Akakomaa, akabeba ubingwa wa dunia wa Formula 1 mara tano, kati ya 1951 na 1957.

Makumbusho yalifunguliwa 1986 akiwa hai. Alifariki 1995, ila wasafiri bado wanakata kona kwenda kuyaona magari yake.