Thomas Adeoye Lambo: Daktari aliyewapangishia wagonjwa wa akili vyumba kijijini

Hapa Mkonze, na Dodoma nzima kwa kweli, mtu akifanya jambo lisiloeleweka huambiwa apelekwe Mirembe. Hospitali ile ilijengwa na Waingereza miaka ya 1920, na kwa kuwa wagonjwa wa akili wa kila kona ya nchi waliletwa huku kwetu, jina lake likageuka utani, na mara nyingine tusi. Lakini kila tunapogusa afya ya akili kwenye kipindi, ujumbe unaoingia hauna utani hata kidogo. Ndugu yetu amebadilika, halali, anaongea peke yake, tumpeleke hospitali au kwa mganga? Na akienda hospitali, nani atabaki naye?

Maswali haya yalimshughulisha daktari mmoja wa Nigeria kwa miaka zaidi ya 30. Aliitwa Thomas Adeoye Lambo. Aliongoza chama cha kwanza cha madaktari wa magonjwa ya akili wa bara zima la Afrika, akapanda hadi kuwa mtu wa pili kwa ukubwa katika Shirika la Afya Duniani, WHO. Tunamsimulia leo kwa sababu wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake, ingawa mawazo yake yalifika mpaka Tanzania.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye akili, na anaandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea namna watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda, na kazi yake kubwa ni mazungumzo, vipimo na ushauri. Lambo alikuwa wa kundi la kwanza, lakini chama alichokiongoza baadaye kilifungua mlango kwa wanasaikolojia, wauguzi na wengine wa fani hiyo.

Alizaliwa tarehe 29 Machi 1923 katika mji wa Abeokuta, kusini magharibi mwa Nigeria, nchi ya Wayoruba. Alisoma shule ya wavulana ya Wabaptisti hapohapo mjini, akaenda Uingereza kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Birmingham, akamaliza mwaka 1948. Huko ndiko alikooa mke Mwingereza, Dinah. Alirudi nyumbani mwaka 1950 akafanya kazi ya udaktari wa kawaida, kisha mwaka 1952 akarudi tena London kusomea magonjwa ya akili. Waafrika waliokuwa na elimu hiyo wakati ule walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hali aliyoiacha nyumbani haikuwa nzuri. Nyumba za wagonjwa wa akili zilizojengwa na wakoloni zilikuwa mahali pa kuwafungia watu, si pa kuwatibu. Pale Abeokuta palikuwa na nyumba iitwayo Lantoro. Awali ilikuwa jela. Mwaka 1944 iligeuzwa makazi ya wagonjwa wa akili, na wa kwanza kuingizwa walikuwa wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wamevurugika. Kijana anapelekwa vitani na serikali, akirudi ameumia moyo na akili anawekwa jela ya zamani. Tunalisema hili taratibu kwa sababu hata wazee wa huku kwetu walipelekwa kwenye vita vile, hadi Burma, na wako waliorudi si walewale.

Serikali ilikuwa inajenga hospitali mpya sehemu iitwayo Aro, nje kidogo ya Abeokuta. Lambo aliporudi mwaka 1954 kuisimamia, akakuta majengo hayajakamilika. Wagonjwa wapo, vitanda hakuna. Mwingine angekaa ofisini kungoja wakandarasi. Yeye akatoka nje akaangalia vijiji vinavyoizunguka hospitali.

Mpango alioufanya unaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kumuuguza ndugu. Mgonjwa alipanga chumba kwenye nyumba ya mwanakijiji wa Aro au kijiji jirani, na hakupokelewa akija peke yake. Ilibidi aje na ndugu yake angalau mmoja: mama, dada, kaka, shangazi, yeyote wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza. Asubuhi ndugu alimleta hospitali, akapata matibabu, na mchana au jioni wakarudi wote kijijini. Aliyepata nafuu alishika jembe akaenda shambani na wenyeji, au akafanya kazi yoyote ya mikono. Jioni alikaa na watu, akasikia habari za kijiji, akacheza ngoma ikiwepo.

Wenyeji hawakuombwa wafanye hisani. Walilipwa kodi ya vyumba. Hospitali iliwakopesha fedha wapanue nyumba zao, ikawaletea maji ya bomba, ikasaidia kuchimba vyoo na kuua mbu. Kwa maoni yetu hapa ndipo palipokuwa na akili kubwa kuliko zote. Kijiji kilichokuwa na kila sababu ya kuogopa wendawazimu kilianza kuona kwamba kuwa nao kuna faida, na woga wenyewe ukapungua kwa kuonana kila siku. Mtoto aliyekua akimwona mgonjwa anapalilia shamba la baba yake hawezi kumrushia mawe barabarani.

Isieleweke kwamba Lambo aliacha dawa za hospitali. Miaka ileile ya 1950 ndipo dawa za kwanza za kutuliza magonjwa makali ya akili zilipoanza kusambaa duniani, na Aro ilizitumia, pamoja na tiba ya mshtuko wa umeme. Alichokikataa ni dhana kwamba dawa peke yake inatosha, na kwamba mtu anaweza kutibiwa akiwa amekatwa kutoka kwa watu wake.

Jambo lililowashtua wenzake zaidi ni kwamba aliwaajiri waganga wa jadi wafanye kazi pamoja naye. Si kwamba aliamini kila walichosema kuhusu uchawi na mizimu. Aliona kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamepita kwa waganga kabla ya kufika hospitali, na wangerudi kwao wakitoka. Mganga aliijua lugha ya mgonjwa, koo zake, ugomvi wa familia yake na hofu zake. Daktari aliyetoka London, hata akiwa mzaliwa wa hapo, alihitaji kuambiwa mambo hayo. Waganga walimsaidia kuelewa mgonjwa anaogopa nini, na walisaidia pia kwenye mikutano ya wagonjwa na ndugu zao. Dawa na maamuzi ya kitabibu vilibaki mikononi mwa madaktari.

Wapo waliomlaumu kwa hilo, na lawama zao hazikuwa za bure. Waganga wengine, Nigeria kama huku kwetu, huwafunga wagonjwa kamba au minyororo, huwachapa, huwanyima chakula. Ukimkaribisha mganga hospitalini unaweza kuonekana umeyabariki hayo yote. Jibu la Lambo lilikuwa la vitendo: mganga anayefanya kazi mbele ya macho yako ni rahisi kumrekebisha kuliko aliye msituni ambaye humjui. Sisi tunaona jibu hilo lina nguvu mahali penye usimamizi, na ni hatari mahali pasipo nao. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inayotaka waganga wasajiliwe. Kabla hujamkabidhi mtu mgonjwa wako, una haki ya kuuliza kama amesajiliwa, na una haki ya kukataa afungwe.

Kuna vita nyingine aliyoipigana, na hii inaanzia Afrika Mashariki. Katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kulikuwa na daktari Mwingereza aitwaye J. C. Carothers, aliyeisimamia kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Alipopewa kazi hiyo hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 WHO ilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Ndani yake alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu hiyo. Alidai pia kwamba Mwafrika ni nadra kupata sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayomzima mtu. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ya Kenya ikamtaka aeleze saikolojia ya Mau Mau, naye akaandika kana kwamba watu waliodai ardhi yao walikuwa na tatizo la akili.

Kitabu hicho kilibeba nembo ya shirika la afya la dunia nzima. Ungefanya nini ukiwa daktari kijana Mwafrika wa wakati ule? Lambo alianza kumpinga kwa maandishi miaka ileile ya 1950, kisha akafanya utafiti. Pamoja na Alexander Leighton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikwenda vijijini na mjini Abeokuta kuwahoji watu wa kawaida, wakalinganisha majibu na ya wilaya moja ya Kanada ambako Leighton alikuwa ameshafanya utafiti kama huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963. Magonjwa yaliyoonekana kwa Wayoruba yalifanana na ya Wakanada. Sonona ilikuwepo, ila watu hawakuwa na neno moja la kuitaja. Walieleza dalili moja moja. Nasi tunalijua hilo. Mtu wa huku hasemi ana sonona. Anasema mawazo yamemzidi, moyo unauma, mwili hauna nguvu, na anaishia kupewa dawa za maumivu.

Novemba 1961, wiki tatu hivi kabla Tanganyika haijapata uhuru, Lambo aliwaita Abeokuta wataalamu wa magonjwa ya akili kutoka nchi nyingi za Afrika na nje yake. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa aina hiyo barani. Kutokana na juhudi hizo kikapatikana Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili Afrika, na Lambo akakiongoza katika miaka yake ya mwanzo. Si kazi ya kifahari kama inavyosikika. Wataalamu Waafrika walikuwa wachache mno, wametawanyika, hawa wanazungumza Kiingereza, wale Kifaransa, na wengi wa wenzao hospitalini bado walikuwa Wazungu waliosoma kwa vitabu vya kina Carothers. Daktari aliyekuwa peke yake katika nchi ya mamilioni ya watu alipata mahali pa kuuliza: wewe unafanyaje kwako?

Na walikuwa na ya kuambizana. Tigani El Mahi wa Sudan alikuwa naye ameshirikiana na waganga na mashehe kwa njia yake. Mkutano wa pili ulifanyika Dakar mwaka 1968, kwa Henri Collomb, Mfaransa wa hospitali ya Fann, ambako ndugu wa mgonjwa waliruhusiwa kulala naye wodini. Hayo yalipingana na desturi za hospitali za Ulaya, lakini ukipita wodi yoyote ya Afrika utaona ndugu wapo tu, wawe wameruhusiwa au la.

Wakati huo Lambo alikuwa ameshaondoka Aro. Mwaka 1963 alikwenda Chuo Kikuu cha Ibadan akiwa profesa, na mwaka 1968 akawa Makamu Mkuu wa chuo hicho. Mwaka 1971 WHO ikamchukua. Miaka miwili baadaye akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu, chini ya Halfdan Mahler wa Denmark, akabaki hapo hadi 1988. Yaani shirika lililochapisha kitabu cha Carothers mwaka 1953 lilikuja kuwa na Mwafrika, tena daktari wa akili, kwenye kiti cha pili.

Katika miaka hiyo WHO ilifanya utafiti mkubwa wa ugonjwa wa skizofrenia katika nchi tisa, Ibadan ikiwa kituo kimojawapo. Wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka, wa Ibadan na wa Agra huko India walionekana kupata nafuu zaidi kuliko wa nchi tajiri kama Uingereza na Denmark. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu, na ubishi haujaisha. Nguvu ya familia ni moja ya maelezo yaliyotolewa.

Kwetu Tanzania, vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili vilianzishwa baada ya uhuru, kwa wazo linalofanana na la Aro. Mwaka 1980 ukaanza mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa WHO na Denmark, ukijaribiwa kwanza Morogoro na Kilimanjaro. Lengo lilikuwa mgonjwa apate huduma kwenye zahanati na kituo cha afya karibu na kwao, asisafirishwe hadi Mirembe. Kwa familia ya Tarime au Newala, safari ile ilimaanisha kumwacha ndugu mamia ya kilomita na kutorudi kumwona.

Mpango wa vijiji pale Aro haukudumu kama Lambo alivyouanzisha. Nigeria ilibadilika, vijana wakakimbilia mijini, na ndugu wa kuacha shamba au kazi kwa miezi mitatu ili akae na mgonjwa akawa adimu. Yeye mwenyewe alirudi Nigeria baada ya kustaafu, akafariki tarehe 13 Machi 2004 akiwa na miaka 80. Hospitali ya Aro ipo hadi leo, inatibu na inafundisha, na Lantoro, ile iliyokuwa jela, ni tawi lake.